Kwetu tunalima zabibu, ila waini nilikuwa sijui kuchagua

Mbukwenyi wapendwa!

Hapa Dodoma kitu kimoja kina majina matatu. Kanisani ni divai, kwenye taarifa ya habari waziri akiongea ni mvinyo, ukishuka baa ni waini. Mi nimekulia Hombolo, shamba la mzee lipo mpaka leo, nimekula zabibu mpaka meno yamekufa ganzi, nimepogoa, nimefukuza ndege kwa kugonga makopo toka saa kumi na mbili asubuhi, kwahiyo mtu akisikia natokea wapi anajua moja kwa moja huyu mambo ya waini ni mtaalamu. Kumbe hamna kitu. Mkulima wa zabibu wa kwetu anaijua zabibu mpaka inapopanda kwenye gari la kiwanda, baada ya hapo anarudi zake nyumbani anakunywa soda au kama ni mtu wa kijiji kweli anakunywa wanzuki. Chupa ya waini yenyewe nilianza kuishika nikiwa na miaka ishirini na kitu, tena kwenye harusi za watu.

Sasa aibu yangu ilianzia kwenye sendofu ya mdogo wangu. Kikao cha kamati, tumefika kwenye vinywaji, bia zimeshagawiwa mtu, soda na maji zimeshagawiwa mtu, mwenyekiti akaniangalia akasema wewe si kwenu mnalima zabibu, basi waini ni ya kwako. Watu wakapiga makofi, yaani hata kukataa sikupata nafasi. Kesho yake nikaingia duka moja mjini, kijana wa duka akanipima kwa macho akaniambia dada chukua hii nyekundu drai, hii ndo wanakunywa watu wenye hela. Nikabeba katoni mbili. Sikuuliza hata swali moja, niliona kuuliza ni kujidhalilisha, mtu wa Hombolo unaulizaje habari za waini?

Siku ya sendofu, mwezi wa kumi, mnalijua joto la Dodoma la mwezi wa kumi. Katoni zimekaa kwenye buti la gari toka asubuhi. Ukumbini tukagundua chupa zina koki na hakuna mtu mwenye opena, mhudumu mmoja akaanza kuzisukuma koki ndani kwa mpini wa kijiko, vipande vinaelea kwenye glasi kama pumba. Alafu watu wakaanza kunywa. Shangazi yangu, yule mkubwa kabisa, alipiga funda moja akakunja uso kama amelamba shubiri, akaniita, "Mwanangu, hii ni kinywaji au mmetuletea dawa?" Nikamwambia shangazi hiyo ndo drai yenyewe. Akasema haya, akavuta chupa ya Koka akamimina humo humo nusu kwa nusu, akaonja, akatabasamu, na ndani ya dakika kumi meza nzima ya mashangazi inachanganya. Nilitamani ardhi inimeze. (Miaka imepita ndo nikaja kujua Wahispania wa kule kwa Wabaski wana kinywaji hicho hicho, waini nyekundu na Koka, kinaitwa kalimotxo na wanakunywa bila aibu yoyote kwenye masherehe yao. Shangazi nilishamwambia. Alisema alijua tu.)

Upande wa wakwe kulikuwa na mzee mmoja, mtu wa Bukoba, alisoma Ujerumani enzi hizo. Yeye alikunywa glasi yake pole pole hakulalamika. Nilipopita kuwaamkia akanishika mkono, "Marahaba mwanangu. Waini yenu ni nzuri, ila mmeichemsha." Nikacheka kwa kukosa la kusema. Akaniuliza, shambani kwenu mnajuaje zabibu imeiva? Nikamwambia tunaonja, tunatafuna na mbegu, alafu wakija wa kiwandani wanapima sukari. Akasema, "Basi ushajua kila kitu, hujajua tu kwamba unajua." Akarudi kwenye sahani yake ya pilau. Sikumuelewa hata kidogo siku ile, ila lile neno likanikaa, na ndo limenifanya leo nikiingia dukani nasimama mbele ya shelfu bila kuogopa.

Tuanze na hiyo sukari, maana hapo ndo kila kitu kilipo. Hamira inakula sukari ya zabibu inatoa kilevi. Kama gramu 17 hivi za sukari kwenye lita moja ya juisi zinatoa asilimia moja ya kilevi. Ikila sukari yote ikamaliza, waini inakuwa drai, haina utamu. Ikisimamishwa njiani kabla haijamaliza, sukari inabaki, waini inakuwa tamu na kilevi kinakuwa kidogo. Kwahiyo ile namba ndogo ya asilimia iliyoandikwa pembeni ya lebo, ambayo watu wengi wanaiangalia kujua italewesha kiasi gani, mi naiangalia kujua utamu. Ukiona 7 au 8, mara nyingi hiyo ni tamu, sukari imeachwa. Ukiona 13 au 14 na haijaandikwa kwamba imeongezewa pombe kali, hiyo sukari imeliwa karibu yote, usitegemee utamu. Laiti ningelijua hili tu kabla ya sendofu, mashangazi wangekunywa kitu cha 8 wakafurahi na Koka ingebaki kwa watoto. Dompo, ile waini yetu ya hapa Dodoma, iko pembeni ya hesabu hii, ile ni tamu na ina nguvu kwa pamoja, ni ukoo mmoja na port ya Wareno ambao wanamwaga pombe kali ndani wakati hamira bado inakula, hamira inakufa, sukari inabaki, na kilevi kinafika 19 au 20. Ndo maana dompo inakuchekea kwanza alafu inakuangusha ukisimama.

Na maneno ya utamu yako mengi kutegemea chupa imetoka wapi. Ufaransa drai ni "sec", Italia "secco", Ujerumani "trocken". Ukikuta "demi-sec" ujue kuna utamu kidogo. Zile za mapovu "brut" ni drai, na hapa watu wanaliwa sana kwenye harusi, wananunua brut kwa sababu ni ya bei alafu bibi harusi anaishia kuishikilia glasi tu kwa ajili ya picha.

Ya pili ni ganda. Mtoto yeyote aliyevuna zabibu anajua ukiikamua zabibu nyekundu maji yanayotoka mara nyingi ni meupe, rangi iko kwenye ganda. Waini nyekundu inachachuliwa pamoja na maganda yake na mbegu, nyeupe inakamuliwa maganda yanawekwa pembeni. Ndo mana kuna Champagne nyeupe kabisa iliyotengenezwa kwa Pinot Noir ambayo ni zabibu nyeusi. Na kwenye ganda na mbegu hakutoki rangi peke yake, kunatoka na kile kitu kinachokaza ulimi, kinaitwa tanini. Ukitaka kukijua bila kununua waini, tafuna ndizi mbichi, au kunywa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni na majani yake. Ule ukavu kwenye fizi ndo tanini. Wengi wakinywa nyekundu drai mara ya kwanza wanasema chungu au imeharibika, haijaharibika, ni ganda. Na nyekundu hazilingani. Cabernet Sauvignon ina ganda nene na inakaza kweli kweli, Nebbiolo ya kule Barolo Italia ndo usiseme, ukiiangalia rangi yake imepauka unadhani ni laini, ukiinywa mdomo unakauka wote. Merlot ni laini zaidi, Pinot Noir ganda lake jembamba ni nyepesi kabisa. Kwahiyo mtu akiniambia "mi nyekundu siwezi" huwa namuuliza alikunywa ipi, maana kusema nyekundu peke yake ni sawa na kusema nyama siwezi wakati ulikula nyama ya kongoro moja haijaiva.

Sasa jina kwenye chupa, hapa ndo watu wanakata tamaa. Unachukua chupa ya Afrika Kusini au Chile imeandikwa Merlot, Chardonnay, unajua ni zabibu gani. Unachukua ya Ufaransa imeandikwa Chablis, Sancerre, unatafuta zabibu huioni. Mi ilinisumbua mpaka siku moja niko soko la Majengo nanunua mchele, muuzaji ananiambia huu ni wa Kyela. Sikumuuliza mbegu gani. Nani anauliza mbegu? Mchele wa Kyela ni mchele wa Kyela, unajua harufu yake, unajua utakavyokaa kwenye sufuria, kama vile ukiambiwa asali ya Tabora au machungwa ya Muheza huulizi zaidi. Nikasimama pale nikacheka mwenyewe muuzaji akaniona nimechanganyikiwa. Wafaransa wanafanya hivo hivo! Wanakuandikia mahali, zabibu wanadhani unaijua. Chablis ni Chardonnay, Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc, nyekundu ya Burgundy ni Pinot Noir, Chianti ya Italia ni Sangiovese, Rioja nyekundu ya Hispania kubwa yake ni Tempranillo. Ukishika hizo tano sita, nusu ya shelfu ya Ulaya imeshafunguka. Tofauti yao na sisi ni kwamba wenzetu jina la mahali wamelifungia kwa sheria, huwezi kutengeneza waini ya mapovu sehemu nyingine ukaiita Champagne kwenye soko la Ulaya, wakati hapa mchele wa Kyela unaouzwa mjini sijui kama hata nusu umewahi kupaona Kyela.

Alafu jua. Zabibu ya sehemu ya baridi inabaki na uchachu mwingi na sukari kidogo, ya sehemu ya jua kali inapanda sukari na uchachu unashuka. Hii mzee wangu anaijua kuliko profesa yeyote. Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu hatuna ile baridi ya kuulaza mzabibu, ukipogoa tu unaamka, basi tuna za wakati wa mvua na za kiangazi za mwezi wa nane wa tisa. Za mvua mzee anaziita za maji. Za kiangazi anaziita zabibu. Ulaya wao wanavuna mara moja tu, yale majira yao yakigoma mwaka umeenda, ndo maana wanahangaika sana na mwaka ulioandikwa kwenye chupa.

Kwahiyo mi nikiona chupa najiuliza huko kulikotoka kuna jua kiasi gani. Riesling ya bonde la Mosel Ujerumani, baridi, uchachu unachoma kama ndimu, kilevi mara nyingine 8 tu na utamu wa kusawazisha, mzee wa Bukoba ndo alikuwa anaisifia. Sauvignon Blanc ya Marlborough New Zealand, hewa ya bahari, unainusa unaona pasheni na majani yaliyokatwa. Shiraz ya Barossa Australia, jua limeiva humo, nzito, 14 na nusu, karibu uitafune. Na Malbec ya Mendoza Argentina ambayo kwangu ina nafasi yake kabisa moyoni kwa sababu nilivyosoma kuhusu Mendoza nilijiona niko nyumbani, ni nusu jangwa, mvua yao ni kama milimita 200 kwa mwaka, yaani sisi wa Dodoma tunaolalamika kila siku tunaipita mbali, mashamba yako juu zaidi ya usawa wa bahari kama yetu, mchana jua usiku baridi, wanamwagilia kwa maji ya theluji inayoyeyuka kutoka milima ya Andes. Sisi Andes hatuna. Tuna visima na Mungu.

Watu wa Chile nao walinifurahisha. Walikuwa wanauza Merlot yao miaka na miaka, mwaka 1994 mtaalamu mmoja Mfaransa, Jean-Michel Boursiquot, akaenda kuangalia mizabibu shambani akawaambia nyie nyingi ya hii siyo Merlot, ni Carmenère, zabibu ya zamani ya Bordeaux Ufaransa ambayo kule kwao iliondoka kwenye mashamba toka enzi zile mdudu wa filoksera alipofyeka mizabibu ya Ulaya. Yaani nchi nzima ilikuwa inavuna kitu haikijui jina! Mzee nilimsimulia akasema hata hapa kijijini kuna watu hivo.

Afrika Kusini nitasema zaidi kwa sababu ndo chupa nyingi zinazofika kwetu, kila supamaketi na kila duka la vinywaji pale mjini limejaa. Wenzetu hawa wameanza zamani, Jan van Riebeeck, yule Mholanzi aliyeongoza makazi ya kwanza ya Wazungu Rasi ya Tumaini Jema, aliandika kwamba zabibu za Rasi zilikamuliwa mara ya kwanza tarehe 2 Februari 1659. Wana zabibu yao wenyewe, Pinotage, iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kuoanisha Pinot Noir na Cinsaut. Kuna watu wanaipenda kufa, mi nasema ukweli wangu, ya bei ya chini inaninukia mpira uliochomwa, ya bei ya kati ni tamu ya moshi inakaa vizuri sana na nyama. Ila kinachonihusu mimi zaidi ni Chenin Blanc. Wao ndo wanailima kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote, asili yake ni bonde la Loire Ufaransa, na hiyo hiyo ndo nyeupe inayolimwa hapa kwetu Dodoma pembeni ya ile nyekundu ya Makutupora. Nilikuwa navuna Chenin toka niko darasa la nne najua tu inaitwa "ile nyeupe"!

Nyekundu yetu yenyewe ya Makutupora nisiipite kimya. Zabibu zilianzia huku kwa wamisionari kutoka Italia, kule Bihawana, walihitaji divai ya misa, na mpaka leo kijijini ukitaka kumuuliza mtu wa zamani habari za zabibu atakuanzia na padri. Ni nyekundu ya kawaida tu isiyo na majivuno, nikiipoza kidogo na nikiwa na mbuzi mbele yangu siitamani ya mtu. Ila kuna watu hapa hapa mjini ukiwawekea chupa ya Dodoma wanakuona mshamba, wanataka iliyopanda meli, alafu wakishapata hiyo ya meli wanatia barafu. Sina ugomvi na barafu. Nina ugomvi na dharau.

Kuhusu kupoza, hapa ndo tulipochemsha ile ya sendofu na ndo kosa kubwa la mji huu. Kila mahali utasoma nyekundu inanywewa joto la kawaida la chumba. Chumba cha nani? Hayo maneno yametoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, nyuzi 16, 17, 18. Chumba changu mimi Nkuhungu, bati juu, saa nane mchana mwezi wa kumi na moja, ni nyuzi 30 na zaidi, waini ikifika hapo unanusa spiriti tu, utamu wa tunda wote umekimbia. Nyekundu iweke friji kama nusu saa kabla ya kunywa, usiogope, hakuna polisi wa waini. Nyeupe iache humo masaa mawili matatu, ila ukiitoa ikiwa baridi kama barafu utakuwa unakunywa baridi tu bila ladha, iache dakika kumi mezani. Mwezi wa sita na wa saba usiku na ule upepo wetu, hapo ndo chumba kinafanana na cha Ulaya, nyekundu unaifungua kama ilivyo.

Na ndo maana dukani siku hizi naangalia kwanza chupa ilikuwa imekaa wapi kabla sijaangalia lebo. Kuna duka fulani sitalitaja wamezipanga chupa dirishani zinapigwa na jua toka asubuhi mpaka jioni kwa sababu zinapendeza. Nilishanunua pale nyekundu ya elfu arobaini na tano, kumbuka nimejibana, kufika nyumbani nakuta koki imesukumwa juu inachungulia kama jino la mtoto, kuonja ni jamu iliyoungua na siki. Nikarudi nayo, nikaambiwa ikishafunguliwa hairudi. Sasa ningejuaje bila kuifungua? Basi. Chupa ya nyuma ya shelfu, gizani, duka lenye mzunguko mkubwa wa watu, hata kama bei imepishana elfu mbili tatu, mi naenda hapo. Na kizibo cha kusokota msikidharau jamani, New Zealand wanafunga hivo karibu waini zao zote, haimaanishi ni ya bei chee, na huhitaji opena wala mpini wa kijiko.

Nyingine ya kuondoa kichwani ni hii ya kwamba waini ikikaa ndo inakuwa nzuri. Iliyotengenezwa kukaa, ndiyo. Hizo Bordeaux kubwa, Barolo, Rioja ya Gran Reserva ambayo kisheria inakaa miaka mitano kabla haijatoka kuuzwa, hizo zina tanini na uchachu wa kuzibeba. Ya elfu ishirini ya supamaketi inywe mwaka huu au ujao. Baba yangu mdogo alikuwa na chupa nyeupe juu ya kabati la vyombo sebuleni toka harusi yake ya 2009, kila mgeni anaonyeshwa, inapanguswa vumbi kila Krismasi. Mwaka juzi tumeifungua. Rangi kama chai ya maziwa. Alikunywa glasi nzima peke yake kwa heshima ya ndoa.

Chakula sasa, kwa kifupi maana najua mnataka kuondoka. Jumamosi mnada wa Msalato, mbuzi wa kuchoma, mafuta yanadondoka, hapo ndo ile tanini inayokaza mdomo inapata kazi, mafuta na nyama yanailainisha, ukiinywa peke yake inakuuma na ukiwa na mbavu inageuka rafiki, kwahiyo Cabernet, Malbec, Shiraz, au ya kwetu ya Makutupora. Beba glasi zako, kule watakupa kikombe cha plastiki. Perege wa Mtera wa kukaanga na ndimu, nyeupe ya uchachu, Sauvignon Blanc au Chenin drai, ile waini inafanya kazi ya ndimu ya pili. Pilau la nyama linapenda kitu laini, Merlot. Pilipili nyingi ukiweka na nyekundu ya 14 unawasha moto juu ya moto, hapo tafuta nyeupe yenye utamu kidogo na kilevi cha chini. Kuku wa kienyeji wa kuchemsha anakubali zote mbili, huyo hana maneno. Mlenda nimejaribu na nyekundu, nimejaribu na nyeupe, nimejaribu na ya mapovu Mungu anisamehe, mlenda haumtaki mtu, kunywa maji.

Mwezi wa tano nilienda Hombolo na chupa mbili. Chenin ya Stellenbosch na Chenin ya hapa hapa Dodoma, zote drai, nimezipoza kwenye ndoo ya barafu toka mjini. Mama alikataa akasema yeye ni mtu wa kwaya. Mzee nilimmiminia glasi mbili, sikumwambia ipi ni ipi, tumekaa chini ya mwembe kuku wanapita miguuni. Alinusa kama anavyonusa dawa ya kupulizia. Akaonja ya kwanza, akanyamaza, akaonja ya pili, akarudi ya kwanza. Alafu akainua ya pili akasema, "Huyu alivuna mapema. Amekimbia ndege, au amekimbia mvua." Ilikuwa ya Stellenbosch. Nikasoma nyuma ya chupa kwa sauti, imeandikwa zabibu zilivunwa mapema ili zibaki na uchachu wake. Nikamuangalia mzee, wala hakushangaa, kwake ilikuwa ni kama nimemwambia kuku ana miguu miwili. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kunywa waini ya nje hata mara moja.

Akaishika chupa akaizungusha, akapitisha kidole kwenye ile picha ya nyumba nyeupe na milima.

"Na hawa," akaniuliza, "kilo wanamlipa mkulima shilingi ngapi?"